Siku 21 za nguruwe jike

Msafara uliotoka pwani karibu na Bagamoyo uliwafikisha wasafiri Waingereza Burton na Speke Kazeh, Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Hapo njia iligawanyika: moja ikaendelea hadi Ujiji, nyingine ikaelekea Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga tembe zao pale waliiacha Tabora ikiwa na misikiti na Waislamu wengi, na kwao nguruwe ni haramu. Wamisionari Wakatoliki nao walijenga, Kipalapala ikiwa mojawapo ya vituo vyao. Ndiyo maana banda la nguruwe utaliona zaidi pembezoni na vijijini, na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ina wateja wake na mitaa yake.

Malalamiko ya mfugaji wa huku hayana tofauti na ya mwenzake wa Iringa au Mbulu: jike amepandishwa, hakushika mimba, na pumba anaendelea kula. Lawama hutupiwa dume. Mara nyingi dume hana kosa, kilichokosewa ni tarehe.

Mzunguko wa nguruwe jike ni siku 21 hivi, wakati mwingine 18, wakati mwingine 24. Huanzia ubongoni. Sehemu ndogo chini ya ubongo, haipothalamasi, hutuma homoni kwenye tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni mbili, FSH na LH, zinazokuza vifuko vya mayai kwenye ovari. Vifuko vikikua humwaga estrojeni. Hiyo ndiyo inayomtia jike joto: uke unavimba na kuwa mwekundu, chakula anakidharau, anapiga kelele, anapanda wenzake. Ukimkandamiza mgongoni anasimama tuli, masikio yameinuka.

Estrojeni hiyo ikifikia kilele, pituitari hufyatua LH kwa wingi na mayai huachiliwa, kwa kawaida kama saa 40 baada ya joto kuanza. Anayempeleka jike kwa dume mara tu uke unapovimba, kabla hajakubali kusimama, amewahi mno. Anayengoja hadi siku ya tatu huenda amechelewa. Mpandishe siku anaposimama, kisha rudia baada ya saa 12 hadi 24.

Vifuko vilivyopasuka hugeuka vinundu vinavyotoa projesteroni, homoni ya kuutayarisha mji wa mimba. Hapa nguruwe ana utaratibu wake. Siku ya 11 au 12 viinitete vyenyewe hutoa estrojeni kumjulisha mama kwamba vipo. Visipofika vinne hivi, ujumbe haufiki vizuri. Mji wa mimba hutoa prostaglandini, vinundu vinakufa, na jike anarudi kwenye joto. Ujumbe ukifika, projesteroni hushikilia mimba hadi siku ya 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, hesabu ambayo wafugaji wengi wanayo kichwani.

Elimu hii imepatikana kwa gharama ya nguruwe wengi. Mwaka 1971 kundi la Andrew Schally huko New Orleans lilibaini muundo wa homoni ya haipothalamasi inayoanzisha kazi yote hii, baada ya kuchambua ubongo wa nguruwe zaidi ya laki moja na nusu. Schally alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Homoni hiyo ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwa binadamu.

Sasa kuna wanaotaka njia ya mkato: sindano ya prostaglandini inayotumika kwa ng'ombe ili aje kwenye joto. Kwa nguruwe ni hasara. Vinundu vyake haviisikii dawa hiyo mpaka siku ya 12 au 13 hivi, na jike mwenye mimba akichomwa, mimba inatoka. Tiba ya bei nafuu zaidi ni kuachisha watoto kunyonya. Kunyonyesha hukandamiza LH, na watoto wakiondolewa, jike huingia kwenye joto siku ya nne hadi ya saba. Harufu ya povu la mdomo wa dume, yenye androstenoni, humsaidia kusimama.

Jambo ninaloliona likipuuzwa zaidi ni mahindi. Mvua za Tabora hunyesha Novemba mpaka Aprili, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu. "Hayafai kwa ugali, wape nguruwe," ndivyo tunavyosema. Baadhi ya ukungu hutoa sumu iitwayo zearalenoni, inayojifanya estrojeni mwilini. Mtamba anavimba uke bila kuwa kwenye joto, jike mkubwa anapotea kwenye hesabu zake, na wewe unabaki kumlaumu dume. Mahindi hayo yatupe.

Na kama dume unaazima kwa jirani kwa malipo ya mtoto mmoja, kuwa macho. Misitu ya miombo inayozunguka vijiji vyetu ina ngiri, nao hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua. Dume anayetembea banda hadi banda anaweza kuvisambaza, na ugonjwa huo hauna tiba. Muulize ofisa mifugo wa kata yako kabla hujamfungulia mlango dume wa mtu.