Kabla ya Kuwapandisha Watoto Botini

Akina mama wengi wanapopanga likizo ya familia Mombasa huuliza nauli, huuliza bei ya chumba, huuliza kama kuna jiko. Ni wachache wanaouliza habari za maji yenyewe, na hali ndiyo wanayoyafuata.

Kuanzia Nyali kupitia Bamburi mpaka Shanzu, mwamba wa matumbawe umekwenda sambamba na ufuo kama ukuta. Mawimbi makubwa huvunjikia huko nje, na ndani hubaki maji matulivu ya kina kifupi ambamo boti za kioo huwachukua watu kwenda kutazama samaki. Sehemu ya maji hayo ni hifadhi ya bahari, iliyotengwa na serikali mwaka 1986. Kwa vile yametulia, wazazi huyachukulia kama bwawa la hoteli. Sivyo, mama mpendwa. Maji ya ndani ya mwamba hubadilika kwa saa, kwa msimu na kwa mvua.

Tuanze na saa. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, wakati uleule familia zimemaliza chai na kuteremka ufuoni! Boti huparuza mwamba, na watoto huambiwa washuke watembee juu ya matumbawe. Hapo huyavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, nao huchomwa na wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na asubuhi hiyohiyo huwa na maji ya kutosha.

Kwa hiyo muulize nahodha bila kuona haya: "Kaka, leo ni bamvu au maji mafu? Yanajaa saa ngapi?" Nahodha anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo. Akibabaika, mshukuru na utafute mwingine. Umuulize pia kama ana jaketi za kuokolea za kipimo cha mtoto. Jaketi la baba likivishwa mtoto wa miaka mitano humtoka kichwani akianguka majini.

Wakati mzuri ni maji yanapojaa, kwa maana maji safi ya bahari kuu huingia kwa juu ya mwamba na kusukuma yaliyokaa ndani. Yanapotoka hukimbilia kwenye milango ya mwamba kwa nguvu, na mtoto aliyelala juu ya mpira wa gari anaweza kuchukuliwa mbali kabla hujageuka.

Likizo ya Agosti huangukia katika kusi. Upepo huwa mkali zaidi baada ya adhuhuri, basi panda boti mapema. Utakuta pia mwani umerundikana ufuoni na unanuka. Wageni wengi hudhani ni uchafu wa vyoo, lakini huo ni majani ya bahari tu yaliyosukumwa na mawimbi.

Uchafu wenyewe ni ule usioonekana. Mombasa na vitongoji vyake, nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Hutumia mashimo ya vyoo na makaro. Ardhi ya huko ni mawe ya matumbawe yenye matundumatundu, nayo hupitisha maji upesi. Yanayovuja kutoka karo huingia katika maji ya chini ya ardhi, na baadhi yake hutokeza ufuoni maji yanapokupwa. Mvua za masika zikinyesha, mitaro nayo huleta yake. Likizo ya Aprili ndiyo iliyo katikati ya mvua hizo.

Shirika la Afya Duniani hupima maji ya kuogelea kwa kuhesabu vijidudu fulani vya matumbo. Vikizidi 500 katika mililita 100 za maji, hatari ya kuugua tumbo kwa kuoga mara moja hupita mtu 1 katika kila 10. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwani hucheza muda mrefu na kumeza maji mengi kuliko sisi.

Baada ya mvua kubwa, ngojeni siku mbili tatu kabla ya kuingia majini; kupanda boti bila kuoga hakuna neno. Msiogelee karibu na mdomo wa mtaro hata kama maji yanang'aa. Mtoto mwenye kidonda abaki nchi kavu. Wakitoka, waoge kwa maji baridi na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akiendelea, akiwa mnyonge au akitoa damu, mpeleke hospitali.

Chakula cha safari kiweke katika vyombo vya nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo za Kenya.

Kwa dada zetu wakaao pwani, karo lijaapo liiteni gari la kunyonya, na muulize linakwenda kumwaga wapi. Huko Mtwapa, majitaka ya gereza la Shimo la Tewa yaliingia katika mkono wa bahari ambamo boti na mashua hupita. Mradi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa ulijenga hapo bustani ya majani ya majini, nayo majitaka yakapitishwa humo yachujwe na mizizi kabla ya kufika baharini.