Damu ya kitovu: ya nani humfaa nani?

Mtoto akishazaliwa na kitovu kukatwa, ndani ya kondo la nyuma hubaki damu, kwa kawaida mililita 50 hadi 150. Katika wodi nyingi za uzazi damu hiyo hutupwa pamoja na kondo. Yapo makampuni yanayowashauri wazazi waihifadhi kwa malipo, iwe akiba ya mtoto mwenyewe endapo siku moja ataugua saratani ya damu. Ushauri huo haupimiki mpaka tuuelewe kwanza ugonjwa.

Damu hutengenezwa katika uloto, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Humo mna seli shina, yaani seli changa ziwezazo kujizalisha na pia kugeuka kuwa seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopambana na maradhi, au chembe sahani zinazogandisha damu. Saratani ya damu, au lukemia, huanza pale seli changa moja inapopata hitilafu katika vinasaba vyake, ikawa inazaana bila kukomaa. Uzao wake huujaza uloto na kuzinyima nafasi seli zenye afya. Ndiyo maana mtoto hupauka, hutokwa na damu kwenye fizi, na homa haimwishi.

Wengi wa watoto hawa hawahitaji kupandikizwa chochote. Aina iliyoenea zaidi utotoni, lukemia kali ya limfoblasti, hupona kwa dawa katika takriban watoto 9 kati ya 10, pale ambapo dawa na vipimo havikosekani. Upandikizaji huachiwa wale ambao ugonjwa wao umerudi, au umeonekana mkaidi tangu mwanzo.

Kwa mtoto wa namna hiyo, dawa kali, na pengine mionzi, hutumika kuufuta uloto wote. Kisha hutundikiwa seli shina za mtu mwingine kwa njia ya mshipa, kama anavyoongezewa damu, hakuna kisu. Seli hizo hujiendea zenyewe hadi kwenye mifupa. Hata hivyo kujenga uloto mpya ni nusu tu ya kazi. Kinga inayotokana na seli za mfadhili huyaona mabaki ya saratani kuwa kitu kigeni na kuyashambulia. Tunalijua hili kutokana na mapacha wa kufanana: mgonjwa anayepewa uloto wa pacha wake hupata madhara machache, lakini lukemia humrudia mara nyingi zaidi.

Ugeni huo ukizidi nao ni hatari, kwani kinga ya mfadhili huweza kuigeukia ngozi, utumbo na ini la mgonjwa. Kwa hiyo madaktari hulinganisha protini za juu ya seli ziitwazo HLA. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu. Kinga iliyomo katika damu ya kitovu, kwa kuwa haijakutana bado na maradhi ya dunia, huvumilia zaidi tofauti: vipengele 4 vikilingana kati ya 6 vinavyopimwa kwa desturi, huweza kutosha. Uloto wa mtu mzima hautoi ruhusa hiyo.

Daktari Eliane Gluckman alifanya upandikizaji wa kwanza wa damu hiyo jijini Paris mwaka 1988, kwa mvulana wa miaka 5 kutoka Marekani mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa uloto. Damu ilitoka kwa dada yake mchanga. Mwaka 1993 Joanne Kurtzberg, katika Chuo Kikuu cha Duke, alimpa mtoto mwenye lukemia damu ya kitovu ya mtoto asiye na uhusiano naye. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wenye lukemia waliopewa damu ya kitovu, hata isiyolingana kikamilifu, waliishi bila ugonjwa kwa kiwango kinachokaribiana na cha waliopewa uloto uliolingana na usio wa ndugu.

Udhaifu wa damu ya kitovu ni uchache wa seli zake. Kipimo kinachokubalika huanzia seli milioni 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito. Chukua mfuko wenye seli bilioni 1: mtoto wa kilo 20 atapata milioni 50 kwa kilo, akiba ya kutosha. Mtu mzima wa kilo 70 atapata milioni 14 tu. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini tiba hii ilianza kwa watoto. Hata kwao seli nyeupe huchelewa kuota, mara nyingi wiki tatu au zaidi, na muda wote huo maambukizi madogo yanaweza kuua. Tena mfuko ukiisha umeisha. Mfadhili wa uloto huweza kuombwa tena, kitovu hakiombwi mara ya pili. Kwa sababu hizo, na kwa kuwa mfuko mmoja Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola, hospitali nyingi sasa humtumia mzazi anayelingana nusu na mtoto, pamoja na dawa ya kuituliza kinga ya mzazi huyo.

Sasa turudi kwenye akiba ya mtoto mwenyewe. Damu yake haina ugeni wowote kwa saratani yake, hivyo ile nusu ya pili ya kazi haifanyiki. Zaidi ya hapo, wachunguzi waliyapima matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yale yanayochukuliwa kisiginoni mwa watoto wachanga, na kwa baadhi ya watoto waliokuja kuugua lukemia wakazikuta hitilafu zilezile za vinasaba zimekwisha kuwamo siku za mwanzo za maisha. Mfuko uliohifadhiwa ungeweza kumrudishia ugonjwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimesema wazi, mwaka 2007 na tena 2017, kwamba uhifadhi wa binafsi kama bima haufai. Kinachohimizwa ni kuchangia benki za umma, ambako damu humfikia mtoto yeyote inayelingana naye.

Hali hubadilika ikiwa nyumbani tayari yupo kaka au dada mwenye lukemia, au ugonjwa mwingine wa damu unaotibika kwa upandikizaji, kama selimundu. Mama mjamzito katika familia hiyo ana sababu ya kumuuliza daktari mapema.

Kwa wengine ipo hoja ya karibu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisifungwe kabla ya dakika 1 kupita, ili damu iliyo kwenye kondo imwingie mtoto na kumwongezea madini ya chuma kwa miezi kadhaa. Upungufu wa damu kwa watoto wa Afrika Mashariki ni jambo la kawaida zaidi kliniki kuliko lukemia. Kwa hiyo mzazi anayeletewa fomu ya kampuni aulize kwanza: nani nyumbani anaihitaji damu hii leo? Kama hayupo, aiache fomu, amwombe mkunga asiharakishe kufunga kitovu.