Unahama Kipini kusomea lori? Jua unalipia nini kabla ya kutuma karo

Vijana wengi wa Kipini, Ozi na Witu wana mpango unaofanana: weka pesa kidogo kidogo, hamia Mombasa, somea lori, kisha ingia kazini. Mpango ni mzuri. Shida huja pale pesa za msimu mzima wa samaki au embe, pamoja na mchango wa mjomba na shangazi, zinapotumwa kwa mpigo mmoja kwa shule ambayo mtu hajawahi kukanyaga.

Basi leo tuongee kuhusu swali tunalolisikia sana: usomee karibu na nyumbani, au kule unakohamia? Jibu letu kwa ufupi ni hili: gari dogo lisomee karibu na watu wako, lori lisomee mahali utakapofanyia kazi, na popote utakapokuwa, lipa kwa awamu.

Leseni ni moja, Kenya nzima

Kwa wenzetu walio Marekani, leseni ya lori hutolewa na jimbo unaloishi, na ukihamia jimbo lingine una siku 30 za kuihamisha. Hapa kwetu hakuna habari hiyo. Leseni hutolewa na NTSA, na iwe umesomea Malindi, Mombasa au Nairobi, inatumika katika kaunti zote 47. Kwa hivyo mtu akikwambia "leseni ya Mombasa ina nguvu zaidi", jua anauza maneno. Mtaani leseni hazitofautiani. Kinachotofautiana ni saa ulizokaa kwenye usukani na aina ya gari ulilofundishiwa.

Soma daraja kabla ya kusoma bei

Zamani mtu alisema tu "nina BCE" na mambo yakaisha. Siku hizi madaraja yamegawanywa, na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa:

- B ni magari madogo. Angalia vizuri: B1 ni ya gari la otomatiki pekee. Anayelenga lori ajifunze gari la gia.
- C1 ni lori jepesi.
- C ni lori la wastani.
- CE ni lori kubwa lenye trela, yale ya kontena unayoyaona yakitoka bandarini.

Kadiri gari linavyokuwa kubwa, ndivyo umri unaotakiwa unavyopanda. Kijana wa miaka 19 akiahidiwa trela ndani ya mwezi mmoja, ajue hapo kuna kitu hakiko sawa. Ukweli ni kwamba safari hii huenda kwa hatua, na kati ya hatua moja na nyingine kuna muda wa kupata uzoefu. Muda huo wengi huutumia kama tanboi, au kuendesha pikapu na kanta za mzigo mdogo. Haupotei bure, kwa sababu mwenye gari anataka kujua umeendesha nini, si kuona kadi tu.

Ndiyo maana tunasema hatua ya kwanza ifanyie karibu. Huna haja ya kulipa kodi ya chumba Mombasa ili ujifunze gari dogo. Lakini lori lisomee unakoenda: utajifunza kwenye msongamano wa Changamwe na Miritini, na utajuana na madereva na wenye magari wa huko. Kazi nyingi za lori hupatikana kwa kujulikana.

Piga hesabu yote

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kupigia hesabu tu. Shule ya Malindi inataka Sh 15,000. Ya Mombasa inataka Sh 12,000. Masomo ni wiki 4 kote kuwili. Ukiangalia haraka, Mombasa ni nafuu kwa Sh 3,000.

Sasa ongeza maisha. Mombasa huna mwenyeji: chumba Sh 4,000, chakula Sh 200 kwa siku kwa siku 28, yaani Sh 5,600. Jumla Sh 21,600. Malindi unalala kwa shangazi na unachangia Sh 100 kwa siku, yaani Sh 2,800. Jumla Sh 17,800. Ile shule ya "bei rahisi" imekuzidishia Sh 3,800, na bado hujahesabu nauli.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wa Tana Delta wanaijua vizuri: maji. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Garsen–Lamu, na watu wakakwama pande zote mbili. Ukipanga kwenda na kurudi nyumbani wakati wa masomo, epuka miezi ya mvua, na uulize shule: nikikosa vipindi kwa sababu barabara imefungwa, nitafidiwa au pesa imeenda?

Maswali 5 ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi

1. Je, shule imesajiliwa na NTSA? NTSA huchapisha orodha ya shule zilizoidhinishwa. Tafuta jina, usitosheke na bango.
2. Lori la kufundishia liko wapi? Nenda ulione. Kuna shule zinazotangaza lori, kumbe gari lenyewe ni la kukodi na huja mara moja kwa wiki.
3. Nitaendesha kwa saa ngapi mimi mwenyewe? Kukaa nyuma ukimtazama mwenzako hakuhesabiwi.
4. Karo inajumuisha nini? Uliza kuhusu leseni ya mwanafunzi, ada ya mtihani, na gari la kufanyia mtihani. Nikianguka, kurudia ni pesa ngapi?
5. Naweza kulipa kwa awamu? Shule inayojiamini haitakukatalia.

Na akitokea mtu wa kukwambia "ongeza kidogo, mtihani utapita bila kufika", achana naye. Lori lenye mzigo linaruhusiwa kufika tani 56 kwa sheria ya Afrika Mashariki. Leseni ya kununuliwa haitakufundisha kulisimamisha kwenye mteremko.

Namna ya kulipa bila kujuta

Hapa ndipo tunapoingia sisi.

Lipa kwa Till au Paybill ya shule, usilipe kwa namba ya mwalimu. Kabla malipo hayajakamilika, jina litatokea kwenye skrini. Lisome. Likiwa tofauti na la shule, simama, piga simu ofisini. Namba yenyewe ichukue ofisini, usiitoe kwenye meseji uliyotumiwa na mtu usiyemjua.

Gawanya karo mara tatu: ya kujiandikisha, ya katikati ukishaendesha, na ya mwisho ukikaribia mtihani. Kila ukilipa, hifadhi meseji ya uthibitisho na uitishe risiti ya shule. Hizo mbili zikiwa mkononi, hata mzozo ukitokea una pa kuanzia.

Malipo ya serikali usimpe mtu akulipie. Leseni ya mwanafunzi, mtihani, leseni yenyewe na hata cheti cha tabia njema vyote viko eCitizen, na Paybill ya serikali ni moja: 222222. Bei iliyoandikwa pale ndiyo bei. Wakala akikutajia zaidi, muulize tofauti inaenda wapi.

Kama familia inachangia, afadhali mchango ukae kwenye akiba ya simu yako na utoke kwa awamu zilezile za shule. Mjomba ataona meseji, na wewe hutajaribika kuila.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, tupigie papo hapo kabla haijatolewa. Na kumbuka: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, kwa sababu yoyote ile.

Ukilenga kuvuka mpaka

Dereva wa Mombasa haishii Nairobi. Mizigo inavuka Malaba na Busia kwenda Uganda na mbele zaidi. Jiandae: Uganda na Tanzania wanaendesha kushoto kama sisi, lakini Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Uliza shule kama inagusia jambo hilo.

Ukilenga Ghuba, huko pia ni kulia, na huenda ukatakiwa kujifunza na kufanya mtihani upya. Kwa hivyo usilipe kozi ya hapa kwa sababu tu wakala amesema "ukimaliza, Dubai moja kwa moja". Hakikisha kwanza kwamba wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Anayekuharakisha utume "ya medical" kwa namba yake ya kibinafsi leo kabla ya saa kumi, mwambie utarudi. Usirudi.

Wiki hii fanya haya

Andika shule tatu kwenye karatasi. Zipigie zote na uulize yale maswali matano. Piga hesabu ya karo na maisha pamoja. Kisha tembelea moja, uone lori kwa macho yako, ndipo ulipe awamu ya kwanza.

Usukani utakungoja. Pesa ikishatumwa pasipofaa, kuirudisha ni kazi nyingine.