Kamera Kifuani mwa Askari wa Maegesho: Ni Shahidi wa Nani?



Wengi wenu mnaleta bidhaa Kisiwani Mombasa: mboga, nazi, maembe, mayai. Pikapu inasimama karibu na Marikiti, ukingoni mwa Mji wa Kale, kwa sababu vichochoro vya ndani ni vyembamba. Hebu tuchukue mfano. Dereva amelipa maegesho, amekwenda kutafuta mnunuzi. Akirudi anakuta tairi limefungwa chuma. Askari anasema, "Hukulipa." Dereva anasema, "Nimelipa, na wewe umenitukana." Askari naye anasema ni yeye aliyetukanwa na kusukumwa. Watu wanajaa, nyanya zinaharibika juani. Faida ya kikundi ya mwezi mzima inaweza kuishia hapo. Sasa nani atajua ukweli?

Kwa sababu ya ugomvi wa namna hii, katika miji mingi ya Uingereza wasimamizi wa maegesho huvaa kamera ndogo kifuani. Leo tunaeleza inavyofanya kazi, na mambo ambayo sisi wananchi tunapaswa kuuliza kabla kaunti yoyote haijainunua.

Inafanyaje kazi?

Kamera hii yatosha kiganjani, nayo hubanwa kwenye shati. Kwa kawaida hairekodi kutwa nzima. Askari anaibonyeza mambo yanapoanza kuharibika, na taa ndogo inawaka kuonyesha kwamba inarekodi. Inachukua picha na sauti pia. Akimaliza zamu anairudisha ofisini, inachomekwa kwenye mtambo, na yaliyorekodiwa yanahamishwa na kuwekwa akiba. Picha zisizo na kesi hufutwa baada ya muda uliowekwa, mara nyingi kama mwezi mmoja.

Tuelewane hapa: kamera haithibitishi kwamba ulilipa. Hiyo ni kazi ya risiti. Kamera inaonyesha mlivyosemezana na mlivyotendeana tu.

Je, inaleta adabu?

Wengi wanadhani mtu akijua anarekodiwa atatulia. Pengine, lakini si lazima. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Washington, Marekani, kati ya polisi zaidi ya 2,000. Baadhi walipewa kamera, wengine hawakupewa, kisha wakalinganishwa. Katika matumizi ya nguvu na katika malalamiko ya raia, haikuonekana tofauti kubwa. Hao walikuwa polisi, si askari wa maegesho, lakini funzo linatuhusu: chombo peke yake hakibadilishi tabia. Kinachohitajika ni masharti ya kukitumia.

Masharti matatu

Kwanza, lini iwashwe. Kama askari anaiwasha apendapo yeye, tutaona hasira ya dereva tu, na maneno yaliyoileta hatutayasikia. Sharti iwashwe tangu mwanzo wa mabishano, na askari amwambie mtu, "Ninakurekodi."

Pili, nani anatunza picha, na kwa muda gani. Askari asiweze kufuta wala kuituma kwa rafiki zake.

Tatu, nani anaweza kuiona. Kama ofisi peke yake ndiyo inayoiona, huyo ni shahidi wa upande mmoja.

Tena tuwakumbuke wakazi wa Mji wa Kale. Milango yao iko njiani kabisa. Wazee wanakaa barazani, akina mama wako dirishani, watoto wanatoka madrasa. Hao hawana gari wala kesi, lakini sura zao zitachukuliwa. Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini anachoona mpita njia hakihifadhiwi ofisini. Cha kamera kinahifadhiwa.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kusimamia maegesho. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha yako na sauti yako ni data yako. Una haki ya kuambiwa inachukuliwa kwa sababu gani, na ya kuomba kuiona. Ukinyimwa, unaweza kumlalamikia Kamishna wa Data, na sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90.

Kikundi kifanye nini?

1. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunzeni kila risiti au ujumbe wa simu wa malipo, na dereva aandike saa na mahali aliposimama.

2. Gari likifungwa, ulizeni kosa ni lipi na mtalipa wapi. Ombeni risiti. Msitoe "chai".

3. Msimtukane askari wala kumgusa. Naye ni mtoto wa mtu, ametumwa kazi, na wengine hupigwa wakiwa kazini.

4. Mkirekodiwa na mkaona mmeonewa, ombeni picha kwa barua haraka, kabla haijafutwa. Taja siku, saa na mtaa, na mbaki na nakala.

5. Kaunti ikiitisha kikao cha wananchi kuhusu bajeti au maegesho, msikose. Hapo ndipo pa kuuliza yale masharti matatu, pamoja na gharama.

Ya kujadili kikundini

Je, dereva wetu anatunza risiti? Tungependa askari avae kamera, na kwa masharti gani? Nani atatuwakilisha kwenye kikao cha kaunti?

Sisi tunaona kamera inaweza kumsaidia dereva na askari vilevile, mradi wote wawili wapate kuiona picha. Hilo likikosekana, tutakuwa tumenunua jicho la bei ghali, na mnyonge atabaki kuwa mnyonge. Jadilianeni, na katibu aandike mliyokubaliana.