Kabla ya Kulipia Chumba, Uliza Maji

Mwezi Januari jua la Cape Town huchelewa kuzama hadi saa mbili usiku. Mgeni aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam huteremka ngazi za ufuko wa Clifton akiwa na taulo begani, akakuta mchanga mweupe, majabali makubwa ya mviringo na bahari ya buluu isiyo na doa. Anaingia maji mpaka magotini, halafu anatoka mbio. Siku kama hiyo maji ya Clifton yanaweza kuwa na nyuzijoto 12 tu, wakati bahari aliyoizoea nyumbani ni nadra kushuka chini ya nyuzijoto 24. Wenyeji wanaoota jua mchangani wala hawashangai, kwani wengi wao hawakwenda pale kuogelea.

Kwa mgeni hilo ni fumbo: joto lote hili, na maji baridi kiasi kile? Jibu limo katika upepo. Pwani ya magharibi ya Afrika Kusini inapitiwa na mkondo wa Benguela, unaopanda kaskazini kuelekea Namibia. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa siku kadhaa mfululizo na kuyasukuma maji ya juu yaliyopata joto yaende mbali na nchi kavu. Nafasi inayoachwa hujazwa na maji yanayopanda kutoka vilindini, ambako jua halifiki. Ndiyo maana siku nzuri kuliko zote kwa macho huwa ndizo za baridi kali kwa miguu. Upepo huohuo husafisha hewa ya jiji hata watu wakaupa jina la Daktari wa Cape, na ukizidi pamoja na mawimbi husimamisha boti za kwenda Robben, kisiwa alichofungwa Nelson Mandela kwa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Anayetaka kukiona asijiwekee siku moja tu, tena ya mwisho wa safari.

Sasa mgeni huyo apande gari kwa takriban nusu saa hadi Muizenberg, upande wa pili wa milima, kwenye ghuba ya False Bay. Mji ni uleule na siku ni ileile, lakini maji hapo hufika nyuzijoto 20 au zaidi kiangazi, na watoto huyachezea kutwa. Hapo upepo huohuo hauyasukumi maji ya joto mbali na ufuko.

Tofauti hii ya nusu saa inabeba jambo ambalo matangazo ya utalii hayalisemi. Likizo ya bahari kusini mwa Afrika hupangwa na mikondo, pepo, maji kujaa na kupwa, na majira. Hoteli hufuata nyuma. Malalamiko mengi ya wasafiri, kuanzia boti iliyochelewa hadi bahari iliyochafuka, yana asili yake humo, na karibu yote yangeweza kujulikana kabla ya kukata tiketi.

Upande wa mashariki hali hugeuka. Mkondo wa Agulhas huteremka na maji ya joto kutoka tropiki na kuipitia pwani ya KwaZulu-Natal kwa kasi inayohesabiwa kati ya zile kubwa kabisa duniani. Kwa sababu hiyo Durban huogelewa hata mwezi Julai, wakati Cape Town imejifunika makoti. Joto hilo lina majirani wake. Durban ilitega nyavu za kwanza za papa mwaka 1952, na mwaka 1964 likaundwa shirika maalumu la kazi hiyo katika jimbo zima. Nyavu hizo haziizibi bahari. Hupunguza idadi ya papa wakubwa karibu na waogeleaji, nazo huwanasa pia kasa na pomboo, jambo linaloendelea kuzua mjadala. Cape Town imeshika njia nyingine. Tangu mwaka 2004, walinzi hukaa mlimani juu ya Muizenberg wakiyachungulia maji. Bendera ya kijani inamaanisha wanaona vizuri, nyeusi kwamba hawaoni vizuri, nyekundu ni tahadhari, na nyeupe yenye picha ya papa huamuru kila mtu atoke majini.

Hata hivyo, papa si hatari ya kwanza katika pwani hiyo. Tofauti na fukwe nyingi za Afrika Mashariki zilizokingwa na mwamba wa matumbawe, fukwe za Afrika Kusini hupokea mawimbi ya bahari kuu moja kwa moja. Maji yanayorushwa ufukweni lazima yarudi, nayo hurudi kwa kupitia njia nyembamba zenye nguvu ya kumkokota mtu mzima. Anayekamatwa humo asipambane na mkondo kuelekea nchi kavu. Ajiache aelee, apunge mkono kuomba msaada, au aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke katika njia hiyo. Kikosi cha hiari cha uokoaji baharini cha nchi hiyo, NSRI, kilianza mwaka 2017 kutundika maboya ya rangi ya waridi kando ya maji ili aliye karibu aweze kumtupia anayezama. Na bendera za nyekundu na njano za waokoaji zikisimikwa mchangani, mahali pa kuoga ni katikati yake.

Mwezi wa kusafiri nao huamua mgeni ataona nini. Kati ya Mei na Julai, ukanda mwembamba wa maji ya baridi hupenya kuelekea kaskazini kando ya nchi, na dagaa kwa mamilioni huufuata, wakifuatwa na pomboo, papa na ndege. Nyangumi hupita pwani ya mashariki kuanzia Juni hadi Novemba. Kwenye fukwe za iSimangaliso, eneo la urithi wa dunia tangu 1999, kasa aina ya duvi na ngozi hupanda kutaga usiku kuanzia Novemba, na vifaranga hutoka kuanzia Januari hadi Machi. Ufuatiliaji wa kasa hao ulianza mwaka 1963 na haujakatika, kwa hiyo waongozaji wa huko huzungumza kwa kumbukumbu za miongo mingi. Mgeni wa Agosti hatamwona kasa akitaga hata akilipa mara mbili.

Ukivuka mpaka wa Msumbiji, hesabu inaongezeka jambo moja kubwa: kupwa na kujaa. Kusini kabisa, Ponta do Ouro, jambo hilo bado ni dogo. Mabadiliko makubwa ya huko yameletwa na daraja la Maputo–Katembe, lililofunguliwa Novemba 2018 likiwa na urefu wa mita 680 kati ya minara yake miwili. Mji ambao zamani ulihitaji gari la kupita mchangani na saa nyingi za njia sasa hufikiwa kwa lami. Kadiri unavyopanda kaskazini kuelekea Beira, sakafu ya bahari inapanuka na kuwa ya kina kifupi, na wimbi la maji kujaa linapopita juu yake huinuka. Durban, tofauti ya maji wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ni kama mita 2. Beira, mbele ya benki pana ya Sofala, tofauti hiyo huzidi mita 6, sawa na urefu wa nyumba ya ghorofa.

Vilankulo, lango la visiwa vya Bazaruto, iko kati ya miji hiyo miwili. Kati yake na visiwa pana maji mafupi yaliyojaa mafungu ya mchanga, na kila baada ya saa sita na kidogo sura yake yote hubadilika. Maji yakijaa, mgeni huona bahari moja hadi Benguerra. Yakipwa, bahari hiyohiyo huwa mistari ya mchanga na mifereji ya rangi ya feruzi, mashua zimelala ubavu, na wanawake wametoka na ndoo kuokota chaza na kome. Nahodha hawezi kuondoka saa tatu asubuhi kwa sababu karatasi ya mgeni imeandikwa saa tatu. Huondoka maji yakimruhusu, na kila siku wakati huo husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Msafiri anayelijua hili huweza kuchagua kati ya likizo mbili. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mafungu huibuka kwa upana wake wote, na hiyo ndiyo picha inayovuma katika matangazo. Lakini katika siku hizo mikondo kati ya visiwa huwa mikali na maji huvurugika. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mafungu hujificha, ila maji hutulia na kung'aa, nayo humfaa zaidi anayetaka kuzamia kuyaona matumbawe ya Two Mile Reef. Aliyekwenda kupiga picha na aliyekwenda kupiga mbizi wasichague wiki moja.

Visiwa vyenyewe ni vitano: Bazaruto, Benguerra, Magaruque, Santa Carolina na kijisiwa cha Bangue. Hifadhi ya taifa ya hapo ilianzishwa mwaka 1971, na tangu mwishoni mwa 2017 husimamiwa na shirika la African Parks kwa ushirikiano na serikali ya Msumbiji. Katika malisho ya nyasi za bahari ya eneo hilo wanaishi nguva wengi kuliko mahali pengine popote katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Mnyama huyu huzaa kwa nadra, mtoto mmoja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo wavu mmoja wa jarife uliotegwa vibaya unaweza kufuta kazi ya miaka. Mgeni anayelipa ada ya hifadhi analipia doria dhidi ya nyavu hizo. Akimwambia nahodha asimfukuze nguva kwa injini, atakuwa ametoa mchango mwingine usio na gharama yoyote.

Bahari hii ina historia ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua. Kilomita chache kusini mwa Vilankulo, mahali paitwapo Chibuene, wanaakiolojia wamefukua shanga za kioo na vyungu vilivyotoka ng'ambo katika milenia ya kwanza. Dhahabu ya Sofala iliyoitajirisha Kilwa ilisafirishwa na mabaharia wa mwambao kwa sababu ya upepo. Jahazi lililotoka Arabuni na kaskazi liliwahi kufika Kilwa na kurudi na kusi ndani ya msimu. Kusini zaidi ya hapo pepo hizo hudhoofika na kukosa uhakika, na mwenye jahazi aliyejitosa huko alijua anaweza kukwama.

Hilo liliwapata hata wageni mashuhuri. Machi 1498 Vasco da Gama aliondoka Kisiwa cha Msumbiji, upepo ukakata na mkondo ukamrudisha nyuma, ikambidi angoje hadi karibu mwisho wa mwezi. Leo kisiwa hicho, urithi wa dunia tangu 1991, kimeunganishwa na bara kwa daraja jembamba. Kina urefu wa kilomita 3 hivi, na pale kwenye ncha yake ya kaskazini limo kanisa dogo la mwaka 1522 kando ya ngome ya São Sebastião. Pamoja na hayo upo mji unaoishi: misikiti, wanawake waliojipaka usoni dawa nyeupe ya msiro, wavuvi wanaouza samaki mchangani. Anayekwenda kwa ajili ya kuogelea peke yake atakuwa amechagua vibaya. Anayependa mawe, mapishi na mazungumzo, siku tatu hazitamtosha.

Kuna jambo ambalo halina mjadala: vimbunga. Msimu wake ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi ya hatari zaidi ni Januari hadi Machi. Idai iliipiga Beira Machi 2019. Wiki sita baadaye Kenneth iliangukia Cabo Delgado na kuharibu sehemu kubwa ya kisiwa cha Ibo. Freddy ilitua karibu na Vilankulo tarehe 24 Februari 2023, ikarudi baharini, kisha ikaipiga Quelimane Machi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeithibitisha kuwa kimbunga cha tropiki kilichodumu kuliko vyote vilivyorekodiwa, siku 36. Chido nayo ilifika karibu na Pemba Desemba 2024. Bei za vyumba hushuka Februari kwa sababu hiyo, na mwenye kulifurahia punguzo hilo ajue anachokinunua. Miezi mizuri ya Msumbiji ni Mei hadi Oktoba: mvua kidogo, mbu wachache, ingawa Agosti na Septemba upepo huweza kuvuma siku nzima. Dawa ya kinga ya malaria haiepukiki majira yote.

Kaskazini kabisa, visiwa vya Quirimbas vinamvutia Mswahili kwa namna ya pekee, kwa kuwa Kimwani kinachosemwa Ibo kinamfikia sikioni kama lugha ya binamu. Lakini mkoa wa Cabo Delgado umekuwa na vita vya waasi tangu Oktoba 2017, na hali hubadilika mwezi hadi mwezi. Huko mtu asiende kwa kusikia kwamba pametulia. Apate habari mpya za usalama kutoka ubalozi wake na kwa wenyeji waliopo, na kama majibu hayalingani, aahirishe.

Kwa hiyo, msomaji unayepanga safari, kabla ya kutuma malipo ya awali muulize wakala au mwenye nyumba ya wageni maswali manne. Mwezi huo maji yana joto gani? Wiki hiyo ni ya bamvua au ya maji mafu, na boti itaondoka saa ngapi? Upepo huvuma kutoka wapi, na ufuko wake umekingwa? Kimbunga kikitangazwa, fedha zitarudi? Mwenye kuijua pwani yake atakujibu hapohapo. Asiyeweza kujibu, tafuta mwingine.