Anayekesha Wodini Aulizwe

Tarehe 15 Novemba 2015 wachimbaji watano wa dhahabu walitolewa hai shimoni Nyangarata, wilayani Kahama, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Walikuwa wameishi kwa mizizi na wadudu. Mwenzao wa sita alifia humo humo. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo hawekewi sahani ya ugali. Chakula kikimwingia kwa wingi, fosfeti na potasiamu hushuka ghafla katika damu na moyo unaweza kusimama. Daktari wa zamu asiyelijua hilo anaweza kumuua kwa huruma.

Ukanda huo wa dhahabu wa Shinyanga na Geita una wagonjwa wake: walioangukiwa na kifusi kwenye maduara ya machimbo, wenye mapafu yaliyojaa vumbi la mawe na kifua kikuu juu yake, wachenjuaji walioshika zebaki kwa mikono mitupu. Wengi wanaoshindikana mikoani hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye vitanda zaidi ya 900. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa kutoka Geita lilisubiri kivuko Busisi, hadi daraja la kilomita 3.2 lilipofunguliwa Juni 2025. Bugando ndiko pia chuo kikuu cha CUHAS kinakowafundishia madaktari wanaosomea ubingwa. Katika hospitali za kufundishia, usiku hao na madaktari watarajali ndio kwa kawaida wa kwanza kufika kitandani.

Wanaosomea ubingwa tayari ni madaktari kamili. Baadhi wametoka kusimamia hospitali za wilaya, wakarudi kusoma kwa miaka 3 au zaidi huku wamebeba wodi. Hakuna anayejua zaidi yao mafunzo yanavyokwenda. Kitabu cha kazi kinaweza kusema daktari "alishiriki upasuaji". Ni yeye anayejua kama alishika kisu bingwa akimwelekeza, au alisimama muda wote akivuta kingo za kidonda wenzake wakikata. Ni yeye anayejua kama bingwa aliyepigiwa simu saa 8 usiku alikuja.

Kusema ndiko kugumu. Mwalimu anayelalamikiwa anaweza kuwa yule yule anayesaini kitabu, anayesimamia tasnifu na anayekaa kwenye mtihani wa mdomo. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka wanafunzi wayatathmini masomo na walimu wao, na hilo ni jema, ila utaratibu huo unakaa vizuri zaidi kwenye ukumbi wa wanafunzi mia. Katika idara yenye wanafunzi wanne, fomu isiyo na jina ni kama ina jina.

Malalamiko yasiyopata mlango hutokea dirishani. Januari 2012 mgogoro wa watarajali wa Muhimbili, ulioanzia kwenye posho zilizochelewa, ulizaa mgomo wa madaktari uliosambaa nchini. Madai yao hayakuwa ya fedha tu. Vifaa na mazingira ya kazi vilikuwamo. Juni mwaka huo kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akateswa na kutupwa msitu wa Mabwepande. Wagonjwa nao waliumia. Kenya, mwaka 2024, mgomo wa madaktari ambao suala la watarajali lilikuwa kiini chake ulidumu siku 56.

Kwingine wameweka mlango. Marekani, baada ya mjadala mrefu uliochochewa na kifo cha binti wa miaka 18, Libby Zion, mwaka 1984, kazi ya madaktari walio mafunzoni iliwekewa kikomo cha saa 80 kwa wiki kuanzia 2003, na chombo cha ithibati huwahoji wenyewe kila mwaka. Uingereza nako Baraza la Madaktari huuliza kila mwaka na kutangaza majibu, hospitali kwa hospitali. Anayeuliza si anayesahihisha mtihani, na majibu ya kikundi kidogo mno hayatolewi peke yake.

Tanzania inaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. TCU na Baraza la Madaktari Tanganyika wakusanye majibu ya Bugando, Muhimbili, KCMC na Dodoma kwa pamoja, kisha kila idara ieleze kwa maandishi, ndani ya muda uliopangwa, itakachorekebisha. Na wanaosomea upasuaji wakipelekwa hospitali za mikoa ya Shinyanga na Geita, waulizwe wakirudi: bingwa wa kuwasimamia alikuwapo, damu ilikuwapo, na ni nini kiliwafikia ambacho hawakuwahi kufundishwa.