Konsoli au tarakilishi? Mambo ya kupima kabla ya kumnunulia mwanao mashine ya michezo

MZAZI mmoja, jirani yangu, alinijia juzi na swali lililokuwa likimkosesha usingizi. Zamu yake katika chama cha akina mama ilikuwa imefika, akakabidhiwa Sh60,000 taslimu. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akijiandaa kuingia Gredi ya 10, alikuwa amekwisha kuzipangia fedha hizo kazi: PlayStation. Mama mwenyewe alitaka tarakilishi.

“Wewe unayesoma gazeti kabla yetu sote, hebu niambie,” alisema. “Hivi vitu viwili si vyote ni vya kuchezea? Nikitoa pesa za chama, nisije nikajuta.”

Swali lake halikuwa la mzaha. Fedha za namna hiyo hazipatikani kila mwezi, na mashine iliyonunuliwa kwa pupa haina wa kuirejeshea. Kwa kuwa wazazi wengi wamo katika njia panda hiyo hiyo, ni vyema tufafanue tofauti ya mashine hizi mbili na gharama zinazojificha nyuma ya bei ya dukani.

Ni nini hasa?

Konsoli ni mashine iliyoundwa kwa kazi moja kuu: kuchezea michezo ya video. Huunganishwa na runinga, mchezaji akashika padi mkononi na mchezo ukaanza. PlayStation ya kampuni ya Sony, Xbox ya Microsoft na Switch ya Nintendo ndizo zinazojulikana zaidi. Wakenya walizifahamu hasa kupitia PlayStation 2, iliyozinduliwa mwaka wa 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 155 kote duniani. Ndiyo iliyojaza vibanda vya mitaani ambako vijana hulipia mchezo mmoja mmoja wa kandanda.

Tarakilishi, kwa upande wake, ni mashine ya kazi nyingi ambayo michezo ni mojawapo tu. Ili iweze kucheza michezo mikubwa, huhitaji kijenzi kiitwacho kadi ya michoro, ambacho kazi yake ni kuchora picha zinazokwenda kasi kwenye kioo. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Si kila tarakilishi ina kadi hiyo. Ile ya kawaida ya ofisini huandika barua na kufungua intaneti bila tatizo, lakini ukiiwekea mchezo mpya wa kandanda, wachezaji hukwamakwama uwanjani kana kwamba wanakimbia matopeni.

Bei ya kununua na bei ya kuishi nayo

Ukilinganisha mashine mpya kwa mpya zenye nguvu sawa, konsoli huwa nafuu. Sababu yake ni ya kibiashara. Kampuni zinazounda konsoli hukubali faida ndogo, na wakati mwingine hasara, kwenye mashine yenyewe, kisha hurejesha fedha zao kupitia michezo na ada. PlayStation 5 ilipozinduliwa Novemba 2020, iliuzwa dola 499 nchini Marekani, na Xbox Series S dola 299. Ilikuwa vigumu kuunda tarakilishi ya nguvu sawa kwa fedha hizo. Bila shaka, ushuru, usafirishaji na faida ya mwenye duka huipandisha bei hiyo kabla haijafika Luthuli Avenue.

Hata hivyo, aliyenunua konsoli hajamaliza kulipa. Mchezo mmoja mpya wa hadhi ya juu huweza kuuzwa dola 70, yaani takriban Sh9,000. Ili kucheza na wenzake kupitia mtandao katika michezo mingi ya kununuliwa, atatakiwa kulipa ada kwa kampuni husika. Isitoshe, Kenya haijakuwa miongoni mwa nchi ambazo Sony imezifungulia rasmi duka lake la mtandaoni. Wachezaji wengi hapa hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, na huwalazimu kununua kadi za malipo za nchi hiyo hiyo. Aliyefungua akaunti ya Uingereza akanunua kadi ya Marekani, kadi hiyo haitamfaa.

Kwenye tarakilishi, kucheza mtandaoni hakutozwi ada ya namna hiyo. Duka la Steam, lililoanzishwa mwaka wa 2003, hupunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, na baadhi ya michezo mashuhuri kama vile Dota 2 na Counter-Strike 2 huchezwa bila kununuliwa. Kwa ufupi, konsoli ni rahisi kuinunua na ghali kuilisha. Tarakilishi ya michezo ni ghali kuinunua na rahisi kuilisha.

Liko jambo moja linaloinusuru konsoli: diski. Mchezo ulio kwenye diski unaweza kuazimwa, kubadilishwa au kuuzwa baada ya kuumaliza, na katika nchi yenye soko kubwa la mitumba kama yetu, hilo si jambo dogo. Lakini si konsoli zote zina mahali pa kutia diski. Xbox Series S haina, na PlayStation 5 ina aina isiyokuwa nayo. Bei yake ya chini huvutia, ila mwenyewe hufungwa kununua kila mchezo mtandaoni. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Umeme na intaneti

Michezo ya siku hizi ni mizito. Mingi hupita gigabaiti 50, na ipo inayozidi 100, achilia mbali marekebisho yanayotumwa kila baada ya muda. Familia yenye intaneti ya waya inayolipiwa kwa mwezi haitalihisi hilo sana. Lakini anayetegemea bando za rununu anaweza kumaliza fedha za matumizi ya mwezi mzima akipakua mchezo mmoja tu. Diski ya konsoli hupunguza mzigo huo, ingawa haiuondoi kabisa.

Kuhusu umeme, PlayStation 5 hutumia takriban wati 200 mchezo mzito unapoendelea. Kijana akicheza saa mbili kila siku, hizo ni uniti 12 kwa mwezi, mbali na zile za runinga. Tarakilishi ya michezo yenye kadi kubwa hufikia wati 400 au zaidi, yaani uniti 24 kwa muda huo huo. Xbox Series S hutumia chini ya nusu ya kiasi cha PlayStation 5. Mzazi anayenunua tokeni hana budi kulitia hilo katika hesabu yake.

Pamoja na hayo, umeme unaopotea ghafla na kurudi kwa kishindo ni adui wa mashine zote mbili. Huweza kuharibu kumbukumbu za mchezo, na hata kuunguza vijenzi vya ndani. Kifaa cha kukinga mashine dhidi ya nguvu za umeme zinazopanda na kushuka si anasa. Kihesabiwe kama sehemu ya bei. Kipakatalishi kina nafuu hapa kwa sababu kina betri yake, lakini kipakatalishi cha michezo hupata joto jingi, na kadi yake ya michoro kwa kawaida haiwezi kubadilishwa.

Mtego wa mashine zilizotumika

Kwa Sh60,000, wazazi wengi huelekea kwenye mashine zilizokwishatumika ng’ambo, maarufu kama “ex-UK”. Si vibaya, mradi mnunuzi ajue anachokitafuta.

Kwa tarakilishi, la kwanza ni umri wa prosesa. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 inaweza kuonekana ya bei poa, kumbe ni ya kuagwa. La pili ni umbo. Tarakilishi ndogo za ofisini, zile nyembamba, huwa na kigawa umeme kidogo na nafasi finyu. Kadi ya michoro yenye nguvu haiingii, na hata ikiingia haitapata umeme wa kutosha. Anayepanga kuongeza kadi baadaye anunue lile sanduku kubwa. La tatu, ahakikishe ina diski ya SSD na kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 16 ikiwa nia ni kucheza michezo ya kisasa.

Kwa konsoli, usinunue kabla ya kuiona ikicheza. Iwashwe, iachwe ikimbie kwa nusu saa, isikilizwe kama feni inanguruma kupita kiasi, na iunganishwe na intaneti. Konsoli iliyofungiwa na kampuni kwa makosa ya mwenye awali haitaweza kuingia mtandaoni, na hakuna fundi atakayeifungua. PlayStation 4, iliyotoka mwaka wa 2013, bado hupatikana madukani kwa bei ya chini. Toleo la EA Sports FC 26, lililotoka mwaka wa 2025, lilitengenezwa kwa ajili yake pia. Lakini ni mashine iliyo jioni ya maisha yake.

Vilevile, tarakilishi ikiharibika hurekebishwa kijenzi kwa kijenzi, na mafundi wake wamejaa kila mji. Konsoli ni kitu kimoja kilichofumbatwa. Huanguka mara chache, lakini ikianguka, gharama huenda ikakaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika.

Nani atakayeitumia?

Baada ya hesabu zote, yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia bei. Nyumbani kuna nini tayari, na anayecheza ni nani?

Penye runinga nzuri na tarakilishi ya kazi za shule, konsoli haina mpinzani. Ndugu wawili hushika padi mbili, marafiki huja, na mzazi huona kinachochezwa kwa kuwa kiko sebuleni. Tarakilishi ya michezo aghalabu huishia chumbani, mlango umefungwa. Konsoli pia zina njia nyepesi za kumwekea mtoto kikomo cha saa na cha umri. Alama za PEGI zinazotumika Ulaya tangu mwaka wa 2003, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, huchapishwa kwenye kasha. Mzazi asizipuuze: namba hiyo haielezi ugumu wa mchezo bali kufaa kwa maudhui yake. Shirika la Afya Duniani nalo liliutambua uraibu wa michezo kuwa maradhi katika orodha iliyoidhinishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika mwaka wa 2022. Haina maana kwamba kila anayecheza ni mgonjwa, bali kwamba anayeshindwa kuacha hata masomo na usingizi vikiporomoka anahitaji msaada badala ya kiboko.

Pasipo tarakilishi yoyote, mizani hubadilika. Mtoto wa sekondari atahitaji mashine ya kuandikia, kutafutia na pengine kujifunzia kuunda programu. Mzazi naye atajaza fomu za KRA na kutafuta huduma za eCitizen bila kupanga foleni saibani. Konsoli haimfanyii hayo.

Nilimuuliza jirani yangu maswali hayo mawili. Runinga alikuwa nayo. Tarakilishi hakuwa nayo. Kisha tukamwita kijana. Alipoulizwa michezo aitakayo, alitaja kumi kwa pumzi moja. Alipoulizwa anayoicheza kila wiki, alitaja mmoja, kandanda, kwenye kibanda cha karibu kila Jumamosi.

Wakaafikiana. Walinunua tarakilishi ya sanduku kubwa, ya kizazi cha 8, yenye kadi ya kiasi, pamoja na padi ya kuunganisha kwa waya, kwani padi za konsoli nyingi hufanya kazi kwenye tarakilishi pia. Michezo mipya yenye uzito haitaiweza, na kijana hakuficha uso wake alipoelezwa hivyo. Lakini matoleo ya zamani ya kandanda yanakimbia vizuri, na siku chama kitakapozunguka tena, kadi yenye nguvu zaidi inaweza kuingia ndani ya sanduku lile lile.

Wewe nawe, mzazi, usikimbilie dukani na jina la mashine. Chukua kalamu, andika vilivyomo nyumbani, uniti unazonunua, bando unazolipia na mchezo ambao mtoto anaucheza kweli. Karatasi hiyo itakushauri vyema kuliko muuzaji yeyote.